Mahali Ilipo Treni

Katika vyombo vyote vya safari, treni ndiyo inayodhaniwa kuwa haiwezi kupotea. Jahazi hupotezwa na upepo, ndege hupotezwa na wingu, na motokaa hupotezwa na dereva asiyeujua mji. Lakini treni imefungwa juu ya pau mbili za chuma, haina kuume wala kushoto, ina mbele na nyuma tu. Mtu akisema kwamba treni haijui mahali ilipo, husikika kama asemaye kwamba samaki hayajui maji. Hata hivyo swali la mahali ilipo treni limewashughulisha wahandisi tangu siku za reli za kwanza, na katika miji mikubwa ya leo halijapata jibu timamu, ijapokuwa mbingu zimejaa setilaiti zilizopelekwa huko kwa kazi hiyo hiyo ya kumwambia kila mtu alipo.

Wazee wa reli walilijibu swali hilo kwa hila nzuri. Hawakuuliza treni iko wapi, bali waliuliza kama kipande fulani cha njia kina treni au ni kitupu. Njia ilikatwa vipande, na amri ikawa moja, kwamba kipande kimoja hakiingiwi na treni mbili. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipata hataza ya mzunguko wa umeme upitao katika reli zenyewe. Umeme mdogo huingia katika pau mbili upande mmoja wa kipande, na upande wa pili hushikilia sumaku. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake huziunganisha pau zile, umeme hukatiziwa njiani, sumaku huachia, na taa hugeuka nyekundu. Uzuri wa chombo hiki haumo katika werevu wake, bali katika namna yake ya kuharibika. Waya ukikatika, betri ikifa, au reli ikivunjika, sumaku huachia vilevile na taa huwa nyekundu vilevile. Chombo kikiugua hudai kwamba pana treni mahali pasipo treni. Uongo huo huwachelewesha watu lakini hauwaui. Jambo hili lafaa kuwekwa moyoni, kwa maana ndilo litakaloihukumu setilaiti baadaye.

Lakini taa nyekundu haina mkono. Huonya tu, wala haishiki breki. Alasiri ya tarehe 12 Septemba 2008, huko Chatsworth katika mji wa Los Angeles, treni ya abiria ilipita taa nyekundu ikaingia katika njia ya reli moja iliyokuwa ikijiwa na treni ya mizigo. Watu 25 walikufa. Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba dereva alikuwa akiandikiana ujumbe kwa simu yake ya mkononi. Mwezi uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzilazimisha reli kuu kuwa na mtambo wa kuisimamisha treni kwa nguvu pindi dereva akosapo kufanya hivyo. Muda uliotolewa ulikuwa mwisho wa mwaka 2015. Ukasogezwa, ukasogezwa tena, na kazi ikatimia mwisho wa mwaka 2020 katika njia za zaidi ya kilomita 90,000.

Mtambo wa namna hiyo hauna macho ya kuona taa. Sharti uambiwe mambo matatu: treni iko wapi, inakwenda mbio kiasi gani, na ruhusa yake inakoma wapi. Kwa hayo hukokotoa kila sekunde mahali ambapo breki lazima zishikwe, na kwa treni ya mizigo mizito mahali hapo huweza kuwa zaidi ya kilomita moja kabla ya hatari. Jambo la pili na la tatu ni mepesi kiasi. Lile la kwanza ndilo lililopelekwa mbinguni kutafutiwa jibu, kwa kuwa setilaiti ni za bure kwa atumiaye, wala hazitaki nyaya zizikwe kando ya reli, ambazo ni ghali kuzitunza na huwashawishi wezi wa shaba.

Setilaiti za mfumo wa Marekani uitwao GPS huzunguka kimo cha kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo ukatangazwa kuwa kamili mwaka 1995. Kila moja imebeba saa za atomu, na maneno yake ni machache sana: hutaja jina lake, mahali ilipo, na wakati inaposema. Kipokezi kilicho juu ya treni hulinganisha wakati ule na saa yake, na tofauti ndiyo umbali. Wimbi huja kwa mwendo wa kilomita 300,000 kwa sekunde, na safari yake yote huchukua sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara kumi na tano. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300. Kwa sababu saa ya kipokezi ni ya bei nafuu na haiaminiki, setilaiti tatu hazitoshi. Ya nne huhitajiwa ili kuisahihisha saa hiyo. Tena saa za juu huenda mbio kuliko za ardhini kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku, kama nadharia ya Einstein inavyoagiza. Zisingalirekebishwa, mahali pa kila kitu pangehama takriban kilomita 11 kwa siku moja.

Manahodha wa Bahari ya Hindi wasingeona ajabu kubwa katika hili. Ibn Majid wa Julfar, katika karne ya 15, alitunga mashairi ya kueleza njia za bahari mpaka Sofala, na katika elimu yake kimo cha nyota kilipimwa kwa vidole. Naye alijua kwamba nyota moja haitoshi, na kwamba kipimo kichukuliwacho chombo kikiyumba hakina thamani. Tofauti ni kwamba nahodha akiwa katikati ya bahari aliona mbingu zote, na akikosea kwa maili kumi alikuwa bado na siku nzima ya kujisahihisha kabla ya kuuona mwamba.

Mjini mbingu ni ukanda mwembamba. Barabara yenye majumba marefu kuume na kushoto ni kama korongo, na sauti ya setilaiti, ambayo wakati wa kuondoka huwa na nguvu ya taa chache za nyumbani tu, hufika chini ikiwa dhaifu mno. Ukuta huizuia. Kibaya zaidi, ukuta huirudisha. Aliyewahi kuita akiwa baina ya milima hujua kwamba mwangwi unaweza kumdanganya msikilizaji juu ya upande alipo mwitaji. Wimbi ligongalo vioo vya jumba la ghorofa arobaini kisha likaingia katika antena limesafiri njia ndefu kuliko ile iliyonyoka. Likiwa limezidi mita 60, kipokezi kitaamini kwamba setilaiti ile iko mbali zaidi kwa mita 60, na kitamsogeza msafiri hadi ng'ambo ya barabara. Mwangwi ukija pamoja na sauti ya kweli, kipokezi kizuri huweza kuutenga. Ukija peke yake, wakati sauti ya kweli imezibwa na jumba, hapana kitu cha kuulinganisha nao, nao huvaa joho la ukweli.

Chicago ni mji mzuri wa kulitazama jambo hili. Reli yake ya juu huzunguka katikati ya mji baina ya kuta za majumba, karibu na madirisha ya ofisi. Na katika stesheni yake kuu ya Union, treni za mbali na za vitongoji husimama chini ya majengo, pasipo mbingu hata kidogo. Treni inayotoka hapo huanza safari yake gizani, nayo hutoka nje mahali reli zilipo nyingi na mbingu ni chache.

Hapa pana jambo la ajabu ambalo watu wengi hawalitambui. Katika korongo la barabara, setilaiti zionekanazo ni zile zilizo mbele na nyuma, kwa sababu huko ndiko barabara inakofungua mbingu. Zile za kuume na kushoto zimezibwa. Matokeo ni kwamba kipokezi hujua vizuri kiasi jinsi kilivyosonga mbele, lakini hukosea sana upande kwa upande. Kwa mtu aendaye kwa miguu hii ni taabu, maana hawezi kujua yuko upande upi wa barabara. Kwa treni ingedhaniwa kuwa ni bahati njema: upande kwa upande treni hushikwa na reli, na inachohitaji kujua ni umbali wa mbele tu. Mhandisi akiwa na ramani sahihi ya reli hulichukua doa la makosa na kulibana mpaka liangukie juu ya mstari. Kosa la pembeni hufa lenyewe.

Ingekuwa hivyo kama reli ingekuwa moja. Katika nyika za Afrika Mashariki, ambako njia ya reli moja huenda kilomita nyingi bila jirani, swali la reli ipi huzuka stesheni tu, mahali treni zinapopishana. Mjini reli huwa mbili, nne, kumi, na umbali baina ya kati ya reli moja na kati ya jirani yake ni kama mita 4. Hapo ndipo kosa la pembeni, lile lile lililodharauliwa, linapogeuka kuwa jambo la kufa na kupona. Kosa la mita 30 kwenda mbele huifanya treni ifunge breki mapema kidogo au ichelewe kidogo, na huweza kufidiwa kwa kuacha nafasi ya akiba. Kosa la mita 4 kwenda pembeni huiweka treni katika reli ya mwenziwe. Mtambo utaipa ruhusa isiyo yake, na hakuna akiba inayoweza kufidia, kwa sababu baina ya reli ya kwanza na ya pili hapana robo wala nusu. Mpaka wa uamuzi uko katikati, mita 2 kutoka kila upande, na atakaye kuwa na yakini sharti akosee kwa kiasi kidogo sana kuliko hizo 2. Simu ya mkononi inayomweka mtu ndani ya mita 5 husifiwa. Treni ikiwekwa hivyo haijawekwa popote.

Dawa zimetafutwa nyingi, na si zote zinazotibu ugonjwa unaokusudiwa. Mpaka tarehe 1 Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyachafua makusudi mawimbi ya GPS kwa watu wasio wa jeshi, na kosa lilifika mita 100. Amri ya Rais Clinton iliuondoa uchafu huo kwa siku moja. Zimeongezwa setilaiti za mataifa mengine: Glonass ya Urusi, Galileo ya Ulaya iliyoanza huduma zake za awali Desemba 2016, na BeiDou ya Uchina iliyokamilika mwaka 2020. Wingi huu ni faida kubwa mjini, kwa maana ukanda mwembamba wa mbingu uliokuwa na setilaiti mbili sasa huweza kuwa na saba au nane. Kuna pia vituo vya ardhini, vilivyopimwa mahali pake kwa usahihi, ambavyo husikiliza setilaiti, huona zinavyokosea, kisha hutangaza masahihisho. Uwazini dawa hii ni ya ajabu. Kwa kulifuata wimbi lenyewe, ambalo urefu wake ni sentimita 19, huweza kumfikisha mtu katika sentimita chache. Wauzaji wa vipokezi hupenda sana kuzitaja sentimita hizo. Lakini kituo husahihisha makosa yaliyo ya wote tu, yaani ya saa, ya njia ya setilaiti, na ya tabaka za juu za hewa. Mwangwi wa jumba lililo kando ya reli si wa wote. Ni wa mahali pale na dakika ile, na treni ikisogea hatua kumi huwa mwangwi mwingine. Kumsahihisha treni wa mjini kwa masahihisho ya kituo kilicho uwanjani ni kumpa mwenye homa miwani.

Dawa iliyo karibu zaidi na ugonjwa imo katika antena. Mawimbi ya GPS hutumwa yakijisokota kuume. Yakigonga ukuta, aghalabu husokota kushoto. Antena iliyoundwa vyema huwapokea wa kuume na kuwapuuza wa kushoto, ila wimbi lililogonga kuta mbili hurudi kuume, likapita mlangoni kama mtu mwema. Dawa nyingine ilitoka London. Mwaka 2011 Paul Groves wa Chuo Kikuu cha London alieleza njia ya kukitumia kile kivuli chenyewe. Mwenye sanamu ya mji, iliyo na kimo cha kila jumba, anaweza kukokotoa kwa kila hatua ya barabara setilaiti zipi zionekane na zipi zifichwe. Kipokezi kisiposikia setilaiti fulani, ukimya huo ni habari: basi kipo mahali ambapo setilaiti hiyo hufichwa. Njia hii hutoa kipimo bora upande kwa upande, pale pale ambapo vipimo vya kawaida ni hafifu. Hapana budi kuistahi akili iliyogeuza kizuizi kuwa shahidi.

Mashahidi wa chini nao wapo. Gurudumu huhesabu mizunguko yake, lakini huliwa na reli. Likipungua kipenyo kwa asilimia 1 huzidisha mita 10 katika kila kilomita, na mvua ikinyesha huteleza likahesabu safari ambayo haikuwapo. Vyombo vya kupima mtikisiko na mgeuko havihitaji mbingu wala reli, hufanya kazi handakini na mchana na usiku, lakini kila kosa lao dogo hujilimbikiza, na baada ya dakika chache huwa kubwa. Kwa swali la reli ipi, hata hivyo, chombo cha mgeuko ni hodari: treni ipitapo panda ya reli na kuchepuka, mwili wake hugeuka kidogo, na mgeuko huo husikika kabla setilaiti hazijajua lolote. Baadhi ya reli hulaza katikati ya njia visahani ambavyo huamka treni ipitapo juu yao na kutaja mahali vilipo, kazi ambayo mfumo wa Ulaya umeifanya kuwa kawaida yake.

Kuwasikiliza mashahidi hawa wote kuna kanuni yake. Mwaka 1960 Rudolf Kalman, mzaliwa wa Budapest aliyekulia elimu yake Marekani, aliitoa kwa umbo la hesabu ambalo limebaki na jina lake. Hufanya kama kadhi mwenye busara. Hamwamini shahidi mmoja kabisa wala hamkatai mmoja kabisa. Humpa kila mmoja uzito kwa kadiri ya mazoea yake ya kusema kweli, hutoa hukumu, na pamoja na hukumu hutaja kiasi cha shaka aliyobaki nayo. Udhaifu wake ni udhaifu wa kadhi yeyote: akidanganywa kuhusu tabia ya shahidi, hupima vibaya. Mwangwi ni shahidi wa uongo aliyevaa vizuri, na akija na wenzake wanne waliogongwa na jumba lile lile, wote husema neno moja.

Ndiyo sababu wahandisi wa reli huliuliza swali ambalo wauzaji hawalitaji. Hawaulizi mtambo hukosea kiasi gani kwa kawaida, bali huuliza kama mtambo hujua wakati unapokosea. Kila jibu la mahali sharti liambatane na duara la shaka, na ukweli usitoke nje ya duara hilo bila mtambo kupiga kelele. Kiwango cha juu cha usalama wa reli huruhusu kosa la hatari lisilotangazwa lisilozidi moja katika saa milioni 100, nazo ni zaidi ya miaka 11,000. Mwezi wa Julai 2019 huduma za Galileo zilizimika kwa karibu juma zima kwa sababu ya matatizo ya mitambo ya ardhini. Watumiaji wengi hawakuona tofauti, kwa kuwa vipokezi vyao vilihamia GPS; na kwa treni, setilaiti inayonyamaza ni kama waya uliokatika, huchelewesha tu. Inayoogopwa ni ile iendeleayo kusema kwa sauti tamu huku imepotoka. Kwa kipimo hicho, mzunguko wa umeme wa mwaka 1872 bado ni mwalimu, na mtambo wenye kosa la mita 3 unaokiri shaka yake wapaswa kuchaguliwa mbele ya ule wa sentimita 30 usiokiri.

Tarehe 29 Septemba 2016, treni ya asubuhi iliingia stesheni ya Hoboken, ng'ambo ya mto kutoka New York, kwa mwendo uliozidi mara mbili kiwango kilichowekwa. Ikapanda juu ya kizuizi cha mwisho wa reli na kuingia ukumbini. Mwanamke mmoja aliuawa na zaidi ya watu 100 waliumia. Sheria ile ile iliyozaliwa baada ya Chatsworth ilikuwa imeziruhusu stesheni za mwisho za abiria, kwa kuwa mwendo wa humo ni mdogo, kuomba msamaha wa kutoweka mtambo. Sababu si ngumu kuelewa. Mahali ambapo treni yatakiwa kusimama mita chache kabla ya ukuta, juu ya reli moja kati ya nyingi, chini ya paa, ndipo mahali ambapo usahihi mkubwa kuliko wote wahitajiwa na setilaiti hazionekani. Msamaha huo ulifuata mipaka ya chombo, haukufuata mipaka ya hatari, na ni vigumu kuuona kuwa wa haki kwa watu wanaosubiri ukumbini.

Na nje ya stesheni, katika viwanja ambamo treni hulala, bado yuko shahidi mmoja asiyeandikwa katika hesabu za Kalman. Alfajiri mtambo unapoamshwa, nazo reli sita zimelala sambamba, setilaiti huonyesha doa linalofunika tatu kati yake. Mtambo uliofundishwa adabu haubahatishi. Huandika katika kioo chake reli zinazowezekana na kumtaka dereva achague. Dereva husogea dirishani, huifuta jasho la kioo kwa kiganja, huhesabu reli kuanzia ukutani, huhesabu tena, kisha hurudi kitini na kubonyeza namba.